Mombasa bei hushushwa na karatasi, si na paa

Dalali wa Mwembe Tayari hahitaji kufundishwa na mtu maana ya cha juu. Mwenye nyumba anataka milioni saba, yeye anamwambia mnunuzi nane, na ile moja ya katikati inaingia mfukoni kimyakimya. Babu zetu waliifanya kazi hiyo kwa minazi, baba zetu wakaifanya kwa viwanja vya Kisauni. Sasa imerudi na koti la Kimarekani, inaitwa holeseli ya nyumba, na vijana wanafundishana kwenye simu kana kwamba ni siri iliyofichuka jana. Jina lenyewe linachekesha. Holeseli ya nini? Sijaona bado mtu anayeuza nyumba kwa katoni.

Mpwa wangu alimaliza chuo mwaka juzi, na tangu hapo anauza kava za simu karibu na Marikiti. Alinijia na daftari alilolijaza hesabu za dola, akaniambia, "Mjomba, hii haitaki mtaji." Nililisoma lile daftari mwanzo hadi mwisho. Hesabu zilikuwa sawa. Kilichokuwa hakipo ni Mombasa.

Tuanze kwa haki, tuieleze biashara hii kama inavyokwenda huko ilikotoka. Marekani, anayeanza humtafuta mwenye nyumba aliyebanwa: amerithi nyumba katika mji asioishi, au anadaiwa kodi ya mali, au amechoshwa na wapangaji. Wanasaini mkataba wa mauzo kwa bei ya chini, na ndani yake kuna kipengele kinachomruhusu mnunuzi kumkabidhi mtu mwingine nafasi yake. Kabla siku ya kukamilisha haijafika, anatafuta mwekezaji mwenye pesa taslimu, na anachomuuzia ni ile nafasi yake katika mkataba. Nyumba yenyewe haijawahi kuwa yake. Mwekezaji anamlipa mwenye nyumba bei waliyoandikiana, kisha anamlipa mtu wa kati ada yake, na huyu anaondoka hajawahi kumiliki hata tofali moja.

Bei huifikia kwa kanuni ya asilimia 70. Tuseme nyumba ikishakarabatiwa itauzwa dola 200,000. Asilimia 70 yake ni 140,000. Matengenezo yatakula 30,000, zinabaki 110,000, na hapo ndipo mwisho wa bei ya mkarabati, yaani yule mwekezaji atakayeitengeneza na kuiuza. Akizidisha, faida yake imekwenda. Mtu wa kati akitaka 10,000 zake, mwenye nyumba lazima akubali 100,000. Itazame tena hesabu hiyo. Nyumba imefika nusu ya thamani yake kwa sababu ya paa linalovuja, mabomba yaliyooza, jiko la mwaka 1970. Kasoro iko kwenye jengo, na kila anayeingia anaiona kwa macho.

Nyuma ya hesabu hiyo kuna mambo ambayo mwalimu wa Kimarekani hayataji, kama mtu wa Mombasa asivyokueleza kwamba Machi kuna joto. Kuna kampuni ambazo kazi yao ni kupekua historia ya umiliki na kuikatia bima, hivi kwamba akizuka mrithi aliyesahaulika, bima ndiyo inayobeba. Arubuni ya kufunga mkataba yaweza kuwa dola mia chache tu, hata pungufu. Na mwisho wa mnyororo wapo wakarabati wengi wanaonunua, kutengeneza na kuuza, pamoja na wakopeshaji wa muda mfupi walioizoea shughuli hiyo. Ukiyaondoa hayo matatu, daftari la mpwa wangu linabaki na hesabu ya kujumlisha na kutoa.

Sasa tutembee hapa kwetu. Toka Mwembe Tayari, ingia Majengo, kata uende Sparki, rudi kupitia Tudor. Utaonyeshwa nyumba zinazouzwa chini ya bei ya majirani zake. Uliza sababu. Ni nadra kuambiwa paa. Utaambiwa ni ya urithi na ndugu hawajagawana. Hati imepotea. Mkopo ulilipwa zamani lakini rehani haijafutwa kwenye daftari la ardhi. Reti, ile kodi ya mali inayotozwa na kaunti, hazijalipwa tangu mzee afariki. Ni nyumba tu, ardhi ni ya mtu mwingine. Kuna kesi. Paa likivuja mnunuzi hata halitazami, kwa sababu nia yake ni kubomoa. Anachonunua ni kiwanja apandishe ghorofa, na tangu sheria ya umiliki wa fleti ya 2020 anaweza kumpa kila mnunuzi hati ya fleti yake.

Kwa hiyo punguzo la bei hapa liko kwenye karatasi, na mwenye kuanza Mombasa bidhaa yake ni faili. Pale ambapo Mmarekani ameandika gharama ya matengenezo, wewe andika gharama ya kulisafisha hilo faili na muda utakaokwenda. Na kabla ya kuuliza bei, uliza kama ugonjwa unatibika.

Mengine hutibika kwa pesa na subira, wala sitakaa hapo sana. Deni la reti hulipwa, kaunti ikatoa cheti kwamba hudaiwi, na bila cheti hicho uhamisho hausajiliwi. Rehani iliyokwisha lipwa hufutwa kwa fomu ya benki. Hati iliyopotea huombewa nyingine: kiapo, ombi kwa msajili, tangazo katika Gazeti Rasmi la Serikali, kisha siku 60 za kungoja mwenye pingamizi ajitokeze. Mtu aliyechoka huuza kwa hasara kwa sababu ya mambo haya matatu, ilhali dawa yake haifiki hata robo ya punguzo analotoa. Hapo pana riziki ya halali kwa asiyeogopa foleni.

Mirathi ni habari nyingine. Nikiwa kijana niliingia mwenyewe, kwa nyumba moja ya Mwembe Kuku. Ndugu watano walikuwa wamekubaliana, wote wamesaini, mama yao amebonyeza kidole gumba. Nililipa reti za miaka kadhaa kutoka mfukoni mwangu, nikamlipa na wakili. Siku ya kukamilisha akaingia bibi mmoja kutoka Malindi na bahasha ya kaki, akaketi bila kukaribishwa. Alikuwa binti wa mzee kwa mke wa kwanza. Hakupiga kelele wala hakumtukana mtu, alitoa karatasi zake moja moja akazipanga mezani kama mtu anayepanga karata. Wale ndugu watano walitazama sakafu. Sheria ya mirathi ya Kiislamu haimsahau binti hata kama ndugu zake wamemsahau: mjane ana thumuni yake, moja ya nane, kukiwa na watoto, na binti ana nusu ya fungu la kaka yake. Mambo yakaenda kwa kadhi, mnunuzi wangu akaenda zake Bamburi, na pesa za reti zikabaki kuwa sadaka yangu kwa manispaa.

Tangu siku hiyo swali langu la kwanza katika nyumba ya urithi ni hili: marehemu alikuwa na wake wangapi? Huulizwa kwa adabu, tena mbele ya mzee wa mtaa, kwa sababu ndugu wenyewe hawatakuambia. Na kwa familia inayofuata Sheria ya Urithi ya Kenya, jua kwamba barua ya usimamizi peke yake haimpi mtu ruhusa ya kuuza ardhi au nyumba. Mpaka mahakama iithibitishe, na kwa kawaida uthibitisho huja baada ya miezi sita, msimamizi hana cha kukuuzia. Wapo madalali wanaochukua arubuni juu ya barua hiyo kila wiki. Mwenye nyumba akiwa hai nako kuna mke au mume: nyumba ya ndoa haiuzwi bila ridhaa ya mwenzake, na ridhaa hiyo huandikwa, haisimuliwi.

Katikati ya yanayotibika na yasiyotibika kuna kitu ambacho mgeni akikisikia hudhani anataniwa. Nyumba bila ardhi. Sheria ya Kiingereza inasema kilichoshikamana na ardhi ni cha mwenye ardhi. Pwani, kwa desturi iliyolelewa na sheria ya Kiislamu, mtu anaweza kumiliki nyumba, hata mnazi, juu ya ardhi ya mwenzake, akamlipa kodi ndogo ya ardhi. Kisha ikaja Sheria ya Hati za Ardhi ya mwaka 1908, iliyowataka watu wa Pwani wadai ardhi zao mbele ya ofisa wa serikali. Ambayo haikudaiwa ikawa ya serikali ya kikoloni. Waliokuwa na makarani na wanasheria walidai. Wengi waliokuwa wakiishi na kulima hawakudai, wengine hata habari hawakupata. Ndiyo maana hadi leo unaweza kukuta kiwanja kimoja kikubwa chenye mwenye mmoja, na juu yake nyumba thelathini za watu thelathini, kila mmoja na stakabadhi zake za kodi kwenye mkoba wa plastiki.

Itazame hali hiyo kwa jicho la biashara. Mwenye nyumba anauza kuta, hawezi kuuza chini yake. Bei yake ni ndogo. Mwenye ardhi anakusanya kodi isiyonunua hata mchele wa mwezi, na hawezi kujenga kwa kuwa pana nyumba za watu. Bei yake nayo imebanwa. Haki mbili, kila moja inaishusha mwenzake. Anayeziunganisha, ama kwa kuwatafutia wenye nyumba njia ya kununua chini yao, ama kwa kuwakutanisha wote na mnunuzi mmoja, ameongeza thamani ambayo haikuwepo jana. Sijui kazi nyingine ya mtu wa kati mjini hapa inayostahili malipo yake kuliko hiyo. Wala sijui nyingine inayoharibika haraka hivyo. Njia rahisi ya kuunganisha ni kumwondoa mmoja, na anayeondolewa siku zote ni mwenye kuta. Ukimsikia mwenye ardhi akisema "nitawalipa tofali zao", jua umeketi upande gani wa meza, kisha uamue kama utaendelea kuketi. Upande wa Likoni, shamba la Waitiki, zaidi ya ekari 900, lilikaa miaka mingi kati ya mwenye hati na maelfu ya wakaazi hadi serikali ikalinunua na kuanza kutoa hati Januari 2016. Hakuna dalali angeliweza lile.

Sasa yasiyotibika. La kwanza ni wakfu. Mji huu una mali nyingi zilizowekwa wakfu, nyingine za misikiti, nyingine za vizazi vya familia, na Tume ya Wakfu iko hapa hapa Mombasa. Mali ya wakfu kwa asili yake haiuzwi wala hairithiwi. Mtu anaweza kukaa humo miaka 40, akakarabati, akapangisha, na kweli akaamini ni yake. Atakuuzia kwa moyo safi kabisa, na moyo wake safi hautakusaidia. Anayeanza asiweke hata shilingi kabla ya kuuliza tume hiyo, hasa Mji wa Kale na mitaa inayouzunguka. (Mji wa Kale una mzigo wake mwingine: ni eneo la hifadhi, huwezi kubomoa na kujenga upendavyo, kwa hiyo hesabu ya mnunuzi wa ghorofa hailingani nao kabisa. Wacha wenye mapenzi ya milango ya nakshi wanunue.)

La pili ni ardhi ya umma, na hapa kuna hukumu ambayo kila mwenye kugusa viwanja mjini humu angepaswa kuifahamu. Ni ya Aprili 2023, Mahakama ya Juu, kati ya kampuni ya Dina Management na Serikali ya Kaunti ya Mombasa. Kiwanja kiko Nyali, kando ya bahari. Mwaka 1989 kiligawiwa Rais Daniel arap Moi, baadaye kikauzwa, hatimaye kikafika kwa kampuni hiyo ikiwa na hati mkononi. Mwaka 2017 kaunti ikavunja ukuta ikisema hapo ni njia ya wananchi kwenda ufuoni. Mahakama ikaikubalia kaunti: ardhi ilikuwa imetengwa kuwa uwazi wa umma, mgao wa mwanzo haukufuata utaratibu, na aliyenunua baadaye hawezi kupata haki ambayo wa kwanza hakuwa nayo, hata angekuwa na nia njema namna gani.

Maana yake kwa anayeanza ni nzito. Ile sachi tunayoifanya kwenye ofisi ya ardhi inakuambia nani ameandikwa leo. Haikuambii ameandikwaje. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 yenyewe, kifungu cha 26, inasema hati yaweza kubatilishwa ikiwa ilipatikana kwa ulaghai, kinyume cha sheria, bila kufuata utaratibu, au kwa njia za kifisadi. Kwa hiyo faili hufuatwa kurudi nyuma hadi shina lake: ramani ya kwanza, barua ya mgao, aliyempa nani na lini. Jifunze kusoma namba zenyewe za viwanja. MN ni bara ya kaskazini, MS ni ya kusini, na sehemu ya tatu ya MN imekwisha vuka daraja la Mtwapa, umeingia Kilifi, kaunti nyingine na reti nyingine. Nimewahi kumwona kijana aliyetangaza kiwanja cha "Mombasa" asijue anauza ardhi ya Kilifi.

Tuje kwenye ile sentensi ya mpwa wangu, kwamba haitaki mtaji. Desturi ya mikataba ya ardhi Kenya ni arubuni ya asilimia 10 na siku 90 za kukamilisha. Nyumba ya milioni tisa inataka laki tisa siku ya kusaini, na usipokamilisha, mkataba wa kawaida unampa muuzaji haki ya kubaki na arubuni hiyo. Unaweza kuomba ipunguzwe; muuzaji aliyebanwa huenda akakubali, lakini wakili wake atauliza kwa nini mnunuzi wa milioni tisa hana laki tisa. Swali zuri.

Njia ya pili ni kununua kwanza kwa jina lako, kisha kuuza. Piga hesabu. Umenunua kwa milioni 9, umeuza kwa 10. Ushuru wa stempu mjini ni asilimia 4, kwa hiyo umelipa 360,000. Tuseme mawakili wamechukua 150,000. Imebaki faida ya 490,000, na kodi ya faida ya kuuza mali, ambayo tangu Januari 2023 ni asilimia 15 badala ya 5, inachukua 73,500. Milioni yako imekuwa 416,500, na ili uipate ulihitaji kuwa na milioni tisa nzima mkononi. Halafu ukifanya hivyo mara kwa mara, mtoza ushuru ana kila sababu ya kukuambia hiyo sasa ni biashara, ulipe kama mfanyabiashara.

Inabaki njia ya kukabidhi mkataba, ile yenyewe ya Kimarekani. Inawezekana hapa? Mkataba ukiandikwa "mnunuzi au atakayemteua" na muuzaji akakubali kwa kujua, inawezekana. Lakini mikataba mingi inayotoka kwa mawakili huja na kipengele kinachokataza kabisa kukabidhi, na hakuna mahali pa kujificha: sheria yetu ya mikataba inataka mauzo ya ardhi yaandikwe, yasainiwe na pande zote, na kila saini iwe na shahidi. Neno la mdomo chini ya mwembe halifiki mahakamani. Mnunuzi wa mwisho naye hana haraka uliyonayo wewe. Nchi nzima mikopo ya nyumba ya benki ni takriban 30,000 tu, kwa hiyo wengi hulipa kwa pesa za kuungaunga: nusu sasa, nusu shehena ikitoka bandarini, au ndugu aliyeko Ghuba akituma. Siku 90 zako zinahesabiwa huku yeye akiunga.

Kisha kuna suala ambalo daftari la mpwa wangu liliruka: unaruhusiwa? Sheria ya Mawakala wa Nyumba na Ardhi, Sura ya 533, inamtaka anayewakutanisha muuzaji na mnunuzi kama kazi yake awe amesajiliwa na bodi. Nusu ya madalali wa mji huu, nami nasema nusu kwa heshima, hawajawahi kuiona ofisi hiyo. Wanaishi vizuri mpaka siku mnunuzi anapokataa kulipa kamisheni; hapo kesi ya asiyesajiliwa huanza ikichechemea. Wanaosema kwamba mwenye kukabidhi mkataba si wakala kwa sababu anauza haki yake mwenyewe wanarudia hoja ya Wamarekani, ila wasimulie na mwisho wake. Illinois mwaka 2019 ilibadilisha sheria yake ya mawakala, anayefanya zaidi ya dili moja ya namna hiyo ndani ya miezi 12 awe na leseni. Oklahoma ikafuata mwaka 2021 na sheria yake dhidi ya holeseli ya kinyonyaji. Vijana wetu wanaipokea biashara wakati wenyewe wanaifunga lijamu.

Na sababu ya kuifunga lijamu ndiyo hiyo hiyo inayowafanya watu wa Mombasa wamchukie dalali. Si kwamba anakula. Kila mtu anajua anakula. Ni kwamba muuzaji hajui kiasi. Ajuza anauza kwa milioni tisa akiamini ndiyo bei, wiki ya pili anasikia msibani kwamba imekwenda kwa kumi na moja na mbili zimebaki kwa kijana aliyekuwa akimwita "mama". Baada ya hapo hakuna mkataba utakaomshawishi kwamba hakuibiwa. Tulinganishe na benki, ambayo hakuna anayeisifu kwa huruma. Mkopaji akishindwa kulipa, Sheria ya Ardhi ya 2012 inaitaka impe notisi ya siku 90, kisha nyingine ya siku 40, halafu dalali wa mnada anatoa siku 45. Na ikiuza kwa asilimia 25 au zaidi chini ya bei ya soko, sheria inachukulia imekosea mpaka ithibitishe vinginevyo. Mwenye kanuni ya asilimia 70 anakwenda mahali ambapo hata benki inabidi ijieleze.

Ndani ya siku hizo za notisi, kwa kweli, ndimo mnamopatikana muuzaji anayehitaji msaada wa haraka, na anayemletea mnunuzi kwa asilimia 85 kabla ya nyundo kugonga amemwokolea sehemu ya jasho lake. Kwa hiyo sisemi mtu wa kati ni mwizi kwa kuzaliwa. Nasema ada yake iandikwe kwenye karatasi ile ile anayosaini muuzaji, kwa tarakimu. Madalali wananijibu kwamba wakisema watarukwa: muuzaji na mnunuzi wataonana kando na wao wabaki na jua. Ni kweli, watarukwa. Atarukwa yeyote ambaye kazi yake ni kujua namba ya simu ya mtu. Lakini aliyefuatilia mirathi miezi saba, akampata mrithi wa sita Malindi, akasimamia hati mpya, hata wakimruka, watamruka waende wapi? Hakuna mwingine anayelijua faili lile lilivyo.

Ndiyo maana sikumwambia mpwa wangu aache. Nilimwambia achague mtaa mmoja, basi, si kaunti nzima, akae nao mwaka. Ajue nani anakusanya kodi za ardhi na anakaa wapi. Ajue mzee wa mtaa anakunywa kahawa saa ngapi. Ampate wakili mmoja asiyemdanganya, na mpimaji mmoja anayekwenda kiwanjani kweli badala ya kuchora akiwa mezani. Orodha ya wanunuzi itakuja yenyewe, wanunuzi wa Mombasa hawajifichi. Nenda tu eneo lolote linalojengwa Tudor umuulize msimamizi tajiri ni nani.

Alichagua Sparki. Asubuhi bado anauza kava. Mchana anafuatilia faili la familia moja ambayo hati yao imepotea: ndugu wanne, na wa tano yuko Muscat, aliyesaini mbele ya notari kule karatasi zikatumwa. Ada yake imeandikwa, laki moja na ishirini, inalipwa hati ikitoka, nyumba iuzwe isiuzwe. Nilimuuliza wake wangapi. Alicheka, akaniambia wawili, na wa pili ndiye aliyempikia chai. Tangazo limeshatoka gazetini. Zimebaki siku 23.